Sura ya Nne: Bahati Nasibu ya Trans Nzoia

Katikati ya mwaka 1919, miezi michache baada ya bunduki kunyamaza, Wazungu walifurika katika ukumbi wa Theatre Royal mjini Nairobi. Hawakuwa wamekuja kutazama mchezo wa kuigiza. Jukwaani palikuwa na mapipa ya kuzungushwa, ndani yake vikaratasi vyenye majina, na kila jina lililochomolewa lilimpa mwenyewe zamu ya kuchagua shamba. London nako kulifanyika bahati nasibu ya namna hiyohiyo, kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga Afrika. Mashamba yalizidi 1,000, na yakijumlishwa yalipita ekari milioni 2. Mengi yalikuwa Laikipia, Nanyuki, na kwenye uwanda ulio mashariki mwa Mlima Elgon ambao watawala waliuita Trans Nzoia. Masharti makuu yalikuwa mawili: uwe umetumikia mfalme vitani, na uwe wa asili ya Ulaya. La kwanza lingewafaa maelfu ya wanaume wa Nyanza. La pili liliwafungia mlango.

Nimeanzia hapo, nikaacha Sarajevo wanakoanzia walimu wetu wa historia, kwa sababu moja. Hapakuanguka bomu Kitale wala Bungoma katika vita viwili vya dunia. Hapakuchimbwa handaki, hapakupita kifaru. Hata hivyo mpaka unaotenga kaunti ya Bungoma na ya Trans Nzoia leo ni, kwa sehemu kubwa, ule uliotenga hifadhi ya Waafrika na ardhi ya Wazungu, na upande wa pili wa mpaka huo ulijazwa walowezi na vita. Tena vita viliwapa watawala nafasi ya kupitisha sheria ambazo wakati wa amani zingewazulia maswali mengi katika Bunge la Uingereza. Mtu anayetaka kujua vita vilifanya nini magharibi mwa Kenya atafute tarehe za sheria kwanza, ndipo atafute tarehe za mapigano.

Chanzo cha vita vyenyewe tukipite haraka, maana kimeandikwa sana. Mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yamefungamana kwa mikataba ya kijeshi yalivutana kuingia vitani baada ya mrithi wa kiti cha Austria kuuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, na Uingereza ikajiunga tarehe 4 Agosti. Afrika Mashariki haikuwa na ugomvi wake. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha mwanya wa kuyaacha makoloni ya eneo hili nje ya vita vya Ulaya, na magavana wa pande zote mbili, Henry Belfield wa Nairobi na Heinrich Schnee wa Dar es Salaam, wangependelea hivyo. Aliyekataa ni kamanda wa jeshi la Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Hesabu yake ilikuwa rahisi na ya kikatili: kila askari wa Uingereza atakayezuiwa huku ni askari mmoja pungufu Ufaransa. Kwa hiyo hakuhitaji kushinda. Alihitaji kukimbizwa kwa muda mrefu. Tarehe 15 Agosti watu wake walishika Taveta, na Septemba wakaingia Kisii, ndani ya Nyanza kwenyewe.

Kumkimbiza adui anayetaka kukimbizwa kulihitaji miguu. Reli zilikuwa chache, malori yalikwama kwenye matope, na farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa mbung'o mara tu jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts liliposhuka kusini mwa Kilimanjaro mwaka 1916. Alibaki binadamu.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Mpagazi anabeba takriban kilo 25 na anakula karibu kilo moja kwa siku. Akibeba unga, na akala unga uleule, baada ya siku 25 mzigo umekwisha na askari wa mbele hajaonja hata kijiko. Na huyo mpagazi hajarudi bado. Ukimwekea chakula cha kurudi, basi kikomo chake ni siku kumi na mbili hivi, na hapo pia anafika mikono mitupu. Ili mzigo ufike kweli, ilibidi wapagazi wawabebee wapagazi wengine chakula, kituo kwa kituo, na kadiri Lettow-Vorbeck alivyozidi kwenda kusini, kutoka reli ya kati hadi Rufiji, kutoka Rufiji hadi Ruvuma, na kutoka hapo hadi Msumbiji alikoingia Novemba 1917, ndivyo idadi ya watu waliohitajika ilivyozidi kufura. Mbinu nzima ya Mjerumani ilitegemea Waingereza wasiweze kuilisha safu yao. Safu hiyo ilikuwa migongo ya watu.

Mwanzoni walichukuliwa kwa hiari, au kwa kile kilichoitwa hiari. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha kwa nguvu wafuasi wa jeshi, yaani wapagazi. Mkuu wa Kikosi cha Wapagazi alikuwa Luteni Kanali Oscar Watkins, ofisa wa serikali ambaye kumbukumbu zinamwonyesha akilalamika mara kwa mara kuhusu chakula na dawa za watu wake. Malalamiko yake hayakupunguza mahitaji. Mwaka 1917 makamanda walidai watu wengi kuliko wakati wowote, na serikali ikamkabidhi John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza kwa miaka mingi, kazi ya kufagia wilaya zote. Ndani ya miezi michache yalipatikana maelfu kwa maelfu, na Nyanza ilitoa fungu kubwa kuliko mikoa mingine.

Bungoma haikuwa mji wakati huo. Ilikuwa upande wa kaskazini wa wilaya ya Kavirondo Kaskazini, mkoani Nyanza, iliyotawaliwa kutoka Mumias, na Wabukusu, ambao Waingereza waliwaita Wakitosh, walikuwa chini ya machifu waliotoka katika ukoo wa kitawala wa Wanga. Huko Kimilili chifu alikuwa Murunga, ndugu wa Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga. Hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Wabukusu walikuwa wamepigwa na majeshi ya ofisa wa Kiingereza Charles Hobley mwaka 1895 pale Lumboka na Chetambe, na Wawanga walikuwa upande wa Hobley. Miaka ishirini baadaye amri ya kutoa vijana inatoka kwa Mzungu, inapita kwa Mwanga, inashukia boma la Mbukusu. Kila chifu alipewa idadi. Asiyekuwa na mtu wa kumtetea barazani ndiye aliyejaza idadi hiyo.

Walisafirishwa kwa reli kutoka Kisumu, wakapewa blanketi, namba na sufuria za kugawana. Mshahara ulikuwa kama rupia 5 kwa mwezi, kiasi sawa na kodi ya nyumba moja kwa mwaka. Watu waliolelewa kwa ugali wa wimbi na mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na mara nyingi hapakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Matokeo yake yalikuwa kuhara damu. Malaria na nimonia zilifuata, hasa kwa watu wa nyanda za juu waliolazwa chini kwenye mvua za Rufiji. Risasi iliua wachache. Wanahistoria huweka vifo vya wapagazi kutoka Kenya pekee kuwa zaidi ya 40,000, na kwa upande mzima wa Waingereza katika vita hivi idadi inakaribia 100,000. Hakuna pigano hata moja lililopiganwa na Waafrika wa Kenya, kabla au baada ya hapo, lililoua watu wengi hivyo. Jina la kikosi kwa Kiingereza, Carrier Corps, lilibaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, masoko mawili ambako mamilioni hununua nyanya bila kuuliza.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kutulia, kwa sababu habari zilichelewa kumfikia. Waliorudi Nyanza walikuta mafua ya dunia yamewatangulia, na njaa nyuma yake. Ambao hawakurudi waliacha tatizo la kipekee. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, mgomba huzikwa badala yake ili mambo ya nyumba yaendelee: mjane arithiwe, mali igawanywe, mtoto apewe jina. Lakini mgomba hauzikwi kwa tetesi. Lazima pawe na habari. Serikali ilikuwa na madaftari ya namba ambayo hayakulingana na majina, na majina yaliyoandikwa na makarani wasiojua Kibukusu. Mishahara ya wafu ilirundikana bila mwenyewe. Watkins na wenzake waliomba fedha hizo zirudishwe kwa namna yoyote katika wilaya zilikotoka. London ilikataa.

Hapo ndipo tarehe za sheria zinapokuwa na maana. Mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto, Sheria ya Ardhi ya Taji iliongeza muda wa mikataba ya mashamba ya Wazungu kutoka miaka 99 hadi 999. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, iliyotekelezwa baada ya vita na kuwavika kipande shingoni. Mwaka 1918 ikaja sheria ya maskwota, iliyosema kwamba Mwafrika hawezi kuishi kwenye shamba la Mzungu ila awe mfanyakazi wake kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya wapagazi tumeshaitaja. Zote nne zilipita wakati macho ya London yalikuwa kwenye mitaro ya Ufaransa. Sidhani kama ni bahati.

Gavana aliyeletwa mwaka 1919 kuendesha amani alikuwa mwanajeshi wa vita hivyohivyo: Meja Jenerali Edward Northey, aliyeongoza majeshi upande wa Nyasaland. Ni katika utawala wake mapipa ya Theatre Royal yalipozungushwa. Na aliyetia saini waraka maarufu wa kazi wa Oktoba 1919, uliowaagiza maofisa na machifu wawasukume watu wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi, alikuwa Ainsworth, yuleyule aliyefagia wapagazi miaka miwili kabla. Mwaka 1920 nchi ikawa koloni rasmi, na kodi ikapandishwa kutoka rupia 5 hadi 8. Mtu aliyepona Rufiji alirudi nyumbani akakuta anatakiwa kumfanyia kazi Mzungu ili alipe kodi ya nyumba aliyokuwa ameiacha.

Sasa, je, ardhi iliyogawiwa ilikuwa tupu kama walivyodai? Jibu la haki lina pande mbili. Ni kweli kwamba vita vya karne ya 19 kati ya koo za Kimaasai, pamoja na sotoka ya ng'ombe, vilikuwa vimepunguza watu wa uwanda huo. Lakini malisho kupumzika hakumaanishi hayana mwenyewe. Wapokot walilisha huko, na Wakoni na jamii nyingine za Sabaoti walishuka na kupanda kati ya uwanda na mlima kufuata majira. Walipopeleka madai yao mbele ya Tume ya Ardhi ya Jaji Morris Carter mwanzoni mwa miaka ya 1930, uwanda ulikuwa umeshakatwa vipande na kusajiliwa. Waliosukumwa juu kwenye msitu wa Chepkitale hawajamaliza kesi hadi zama zetu: mahakama ya ardhi ya Bungoma ilitoa hukumu kuhusu haki ya Waogiek wa Chepkitale Septemba 2022. Na majirani zao Wanandi walikatiwa sehemu ya hifadhi yao waziwazi kwa ajili ya wanajeshi haohao wa 1919.

Wanajeshi wenyewe hawakutajirika upesi. Wengi hawakujua kilimo. Mwaka 1921 bei za mazao zilianguka duniani, na mahindi ya Trans Nzoia yalikuwa na safari ya mkokoteni wa ng'ombe kwenye njia za udongo kabla ya kuiona reli. Kilichowaokoa ni serikali kuamua kwamba reli mpya ya kwenda Uganda ipite Uasin Gishu. Ilifika Eldoret mwaka 1924. Mwaka 1926 tawi lililokatwa Leseru lilifika Kitale, na papo hapo mahindi yakawa biashara. Mstari mkuu uliendelea kupitia Turbo, Webuye (wakati huo Broderick Falls) na Bungoma hadi Malaba na Tororo. Ndivyo Bungoma ilivyokua: stesheni kwanza, maduka ya Wahindi baadaye, ofisi ya wilaya nyuma kabisa, mwaka 1956. Kitale ilipewa reli kwa ajili ya shehena yake. Bungoma ilipitiwa.

Wabukusu waliingia Trans Nzoia kwa mlango wa nyuma. Walowezi walihitaji mikono; Wabukusu walihitaji malisho. Kwa muda makubaliano hayo yalimfaa kila mmoja, na skwota mwenye ng'ombe wengi angeweza kumcheka kimoyomoyo bwana wake mwenye deni benki. Katika miaka hiyohiyo, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mmoja wa wanajeshi waliohamia karibu na Kitale, alikuwa akikusanya vipepeo, wadudu, ndege na vitabu, na mwaka 1926 akafungua makumbusho yake mwenyewe. Mkusanyo huo ndio uliozaa Makumbusho ya Kitale ya leo. Ukienda uutazame kwa makini. Mdudu wa mkusanyo wa kisayansi hutobolewa kwa pini na kubandikiwa kikaratasi: amekamatwa wapi, lini, na nani. Mpagazi wa Kimilili hakupata hata hicho.

Vita vya pili vilipofika, nchi hii ilikuwa imeviona vikija kupitia Ethiopia. Mussolini aliivamia mwaka 1935, miaka minne kabla ya Hitler kuingia Poland, na Waafrika wengi waliosoma magazeti waliielewa maana yake kuliko mawaziri wa Ulaya. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Kenya ikawa mstari wa mbele. Kitale, mwisho wa reli, ilikuwa mlango wa barabara ya kwenda Lodwar na Lokitaung, ambako brigedi moja ya Afrika Mashariki ililinda upande wa Turkana. Mapigano makubwa yalipita mashariki zaidi. Addis Ababa ilichukuliwa Aprili 1941, Gondar ikaanguka Novemba.

Safari hii Waafrika wa Kenya wapatao 100,000 walivaa sare. Watu wa Bungoma waliita jeshi lile Keya, wakimaanisha KAR, yaani King's African Rifles, na mtu wa Keya alirudi likizo na viatu, senti na Kiswahili cha kambini. Lakini mfumo wa zamani haukufa. Vikosi vya wafanyakazi wa kijeshi vilichimba na kubeba kama baba zao, tofauti ikiwa chakula bora na daktari. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivuka Bonde la Kabaw, Burma, katika masika, ikiwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin, na chakula kilidondoshwa kwa ndege pale barabara zilipogeuka matope. Nikisoma habari hizo huwa nawaza wale wa Rufiji. Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa baharini. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Ni mkasa ambao ungepaswa kuwa katika kila kitabu cha shule ya msingi nchini, na haumo.

Nyumbani vita vilipiganwa kwa mahindi. Mwaka 1942 Wajapani walikuwa wameshika Malaya na Burma, majeshi ya Mashariki ya Kati yalihitaji kulishwa, na serikali ikawaahidi walowezi bei ya uhakika pamoja na ruzuku kwa kila ekari mpya watakayolima. Kwa Trans Nzoia hiyo ilikuwa neema. Mashamba yaliyokuwa yamelemewa na madeni ya miaka ya 1930 yakapata nafuu. Mahindi ya Mwafrika yalinunuliwa na serikali ileile kwa bei ya chini. Ng'ombe nao walitwaliwa kwa mnada wa lazima ili jeshi lile nyama. Na mwaka 1942 ulileta jambo ambalo hata Northey hakuthubutu kuliandika waziwazi: kanuni za kuwakamata watu kwa kazi ya lazima kwenye mashamba ya watu binafsi, kwa maelezo kwamba mkonge, ngano na mahindi ni mahitaji ya vita. Chifu akapewa idadi tena. Waliokuwa watoto mwaka 1917 walikuwa sasa wanaume wenye nyumba, na walikumbuka.

Mmoja wao aliitwa Elijah Masinde, mzaliwa wa Maeni, Kimilili. Alikuwa mchezaji mpira hodari, aliyewahi kuichezea timu ya Kenya katika Kombe la Gossage dhidi ya Uganda, muumini wa kanisa la Friends, na mtumishi mdogo wa baraza la wenyeji la Kimilili. Si mtu aliyetoka porini, kama ripoti za serikali zilivyopenda kumchora. Wakati wa vita yeye na wenzake walianzisha Dini ya Msambwa, iliyowarudisha watu kwenye mizimu ya wazee na Mlima Elgon, na iliyosema Wazungu waondoke. Aligoma kung'oa magugu kwa amri ya ofisa wa kilimo. Mwaka 1944 alikamatwa kwa kumpiga askari wa chifu katika ugomvi wa kazi ya lazima. Mwaka 1945 serikali ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Ona mantiki yake: mtu anayekataa kumlimia jirani yake bure kwa sababu ya ugomvi wa Berlin na Tokyo lazima awe mwendawazimu.

Alitoka mwaka 1947 na kuyakuta mambo mabaya zaidi. Askari Waafrika walikuwa wamerudi na kiinua mgongo kidogo, wakati Wazungu waliotoka vitani wakigawiwa mashamba kwa mpango mpya, marudio ya 1919 bila mapipa. Maskwota wa Trans Nzoia walikuwa wanapunguziwa ng'ombe na kuongezewa siku za kazi, kwa kuwa mlowezi aliyetajirika kwa bei za vita alinunua trekta na akataka malisho yake. Dini ya Msambwa ilisambaa haraka kati yao. Septemba 1947 Masinde aliongoza umati mkubwa hadi Chetambe kuwafanyia matambiko waliouawa na Hobley. Februari 1948 wafuasi wake waliandamana hadi misheni ya Kibabii, na tarehe 10 polisi wakaupiga risasi umati pale Malakisi. Walikufa watu 11. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa kizuizini Lamu hadi 1961.

Moto huo haukuzimika Malakisi. Uliingia Pokot kupitia mhubiri wa dini hiyo, Lukas Pkiech, ukaisha kwa damu Kolloa mwaka 1950. Na Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa Kapenguria, mji jirani, mwishoni mwa 1952 kwa madai ya kuongoza Mau Mau, mawakili walilala Kitale na kusafiri kila siku hadi mahakamani, kwa sababu Kapenguria haikuwa na hoteli. Mmoja wa washtakiwa, Bildad Kaggia, alikuwa amelitumikia jeshi la Waingereza Mashariki ya Kati na Uingereza kwenyewe. Walowezi wa Kitale waliokutana na kesi hiyo barabarani walikuwa, wengi wao, wanajeshi wenzake wa zamani.

Uhuru ulipokaribia, Wabukusu walitaka Kitale iwe katika mkoa wao wa magharibi. Masinde Muliro, aliyekuwa ameingia baraza la kutunga sheria mwaka 1957, alipigania hilo hata ndani ya chama chake cha KADU, ambamo Wakalenjin walitaka vingine. Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa. Mashamba yakaanza kununuliwa kwa mikopo, sehemu kubwa ikitoka Uingereza, ili walowezi walipwe na waondoke. Hapa sina haja ya kupamba. Mwaka 1919 baadhi ya mashamba ya bahati nasibu yalitolewa bure kabisa, na mengine kwa malipo mepesi ya miaka mingi. Katika miaka ya 1960 wajukuu wa wapagazi waliyanunua kwa mkopo wenye riba. Mashamba mengine makubwa hayakugawiwa mtu wa kawaida. Yaliingia mikononi mwa shirika la serikali la kilimo na mwa wenye uwezo. Mbegu ya mahindi chotara aina ya 611 iliyotoka kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1964 ilimfaidi mwenye shamba. Asiye nalo aliendelea kuwa kibarua.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri rasmi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliolitumikia dola la Uingereza katika vita vya kwanza hawakuandikwa majina popote, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi na kuanza kutafuta majina. Majina hayo hayako London. Yako Kimilili, Malakisi, Sirisia, Webuye, Kiminini, vichwani mwa wazee waliosimuliwa na baba zao, na kila mwaka yanapungua.

Kama kwenu kuna babu aliyekwenda Kariakoo au Keya asirudi, muulize mkubwa wa ukoo wiki hii. Andika jina lake, la baba yake, ukoo, kijiji, na hasa rika lake la tohara, maana kwa Wabukusu rika ndilo kalenda na litakuonyesha alikuwa na umri gani vita vilipoanza. Andika pia nani alirithi mjane wake, kwa sababu mara nyingi huko ndiko ushahidi uliko. Baki na nakala moja, ya pili uipeleke Makumbusho ya Kitale.